Likizo Pekee Haitoshi

Jumapili jioni, Kahawa West, Nairobi.

Namuwaza dada tunayeketi naye ofisini. Ametoka likizo juzi tu, alikuwa kwao Machakos, na kufikia Jumatano alikuwa amesawijika kama siku aliyoondoka. Kuna wanaosema amekuwa mvivu. Kuna wanaomwambia aombe zaidi. Inaniuma kusikia hivyo, kwa sababu namjua. Mimi naona ni kuchoshwa na kazi hadi kuisha, kile Kiingereza huita burnout.

Sisi ni wahasibu. Mwezi wetu unapangwa na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya: kodi ya mishahara mwisho tarehe 9, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) mwisho tarehe 20, na Juni ikifika kila mtu anakumbuka ritani yake ya kodi zikiwa zimebaki siku chache kufika tarehe 30. Wingi wa kazi ameuzoea, na kuna misimu alikuwa akikesha na bado anafurahi hesabu zikikubali. Kilichobadilika ni kwamba wenzetu wawili waliondoka, hakuna aliyeajiriwa, na wateja wao akarundikiwa yeye bila kuulizwa. Halafu kuna simu. Saa nne usiku, wengine bado tumekwama Thika Road, ujumbe wa bosi unaingia kwenye kundi la WhatsApp na jibu linatakiwa papo hapo.

Siku hizi anawajibu wateja kwa mkato, watu aliokuwa akiwaulizia hata watoto wao. Hesabu moja anairudia mara tatu kwa kuwa haamini tena mkono wake.

Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii mwaka 2019, na ni kama walimwona yeye: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi au umeanza kuidharau, na mtu anajiona hafai kitu kazini. Hawakuiita ugonjwa. Walisema inatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. (Ikiwa hamu imekutoka hata kwa chakula, watoto na marafiki, tafadhali muone daktari, huenda ni sonona, na hiyo inahitaji matibabu.)

Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyeandika kuhusu hali hii mwaka 1974, aliiona kwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure New York. Walikuwa watu wenye ari. Hilo ndilo ningependa wanaomwita mvivu walijue: mvivu hajitoi kiasi cha kuisha.

Watafiti Christina Maslach na Michael Leiter wanataja mambo sita ya kuangalia: mzigo wa kazi, usemi wa mtu juu ya kazi yake (yaani nafasi ya kuamua inavyofanywa), malipo na shukrani, uhusiano na wenzake, haki, na maadili. Ofisini kwetu tunazungumzia mzigo tu. Mimi naona usemi na haki ndivyo vilivyomchosha zaidi. Kupewa wateja wa watu wawili ni kuzito. Kupewa bila kuulizwa, huku jirani yako hajaongezewa hata mmoja, kunakata maini.

Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka na angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wengi katika mji huu hata hizo hawazipati, na ni lazima zidaiwe. Ila ukirudi ukute rundo lile lile, na juu yake limeongezwa la siku ulizokuwa mbali, likizo imekusaidia nini?

Kesho asubuhi tuna mkutano wa timu. Tumeorodhesha wateja wake wote na tarehe zao, naye ameridhia tuzungumze. Tutaomba wagawanywe upya, mimi nachukua wale wa Industrial Area, na ujumbe wa baada ya saa moja jioni ungoje asubuhi, isipokuwa siku za kuelekea tarehe 9 na 20. La kuajiri mtu nitalitaja mwenyewe.