Vioo vya rangi kanisani: madini, risasi na jua la Dar

Ukitaka kukiona kioo cha rangi sawasawa hapa Dar es Salaam, usiende saa sita mchana. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini, na miale yake hupita nje ya dirisha ikishuka ardhini. Madirisha ya mashariki yaone kabla ya saa tatu asubuhi, ya magharibi kuanzia saa kumi alasiri. Ya kaskazini hupata jua katikati ya mwaka, ya kusini Desemba. Anayeagiza dirisha jipya na alizingatie hilo kabla ya kuchagua rangi, kwani jua letu la asubuhi ni kali na kioo cha rangi hafifu huonekana kimepauka mbele yake.

Rangi hiyo haipakwi. Huyeyushwa pamoja na kioo: kobalti hutoa buluu, manganizi hutoa zambarau, shaba hutoa kijani au nyekundu kutegemea hewa iliyomo tanurini. Nyekundu ya shaba ikiwa nene huonekana nyeusi, ndiyo maana mafundi huitandaza tabaka jembamba tu juu ya kioo cheupe. Kinachochorwa ni nyuso, vidole na mikunjo ya nguo, kwa unga wa kioo uliochanganywa na oksidi ya chuma, kisha huchomwa kwenye nyuzi 600 na zaidi za Selsiasi. Ukichomwa kwa moto mdogo, mchoro hubanduka baada ya miaka, na mtakatifu hubaki hana uso.

Asiye na uso bado hutambulika kwa alichoshika: funguo ni Petro, yungiyungi ni Yosefu, gurudumu ni Katarina wa Aleksandria. Ndege mwari anayejitoboa kifua alishe makinda ni Kristo. Nyekundu ni damu ya mashahidi na moto wa Pentekoste. Buluu ni mbingu, na ndilo vazi la Bikira Maria. Lakini alama ninayoithamini kuliko zote haichorwi: mwanga hupenya kioo bila kukivunja, na Wakristo wa zama za kati waliufananisha na Maria aliyezaa akibaki bikira. Hapo kioo chenyewe ndicho kinachohubiri.

Sasa chumvi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, linatazamana na bandari, na upepo wa bahari wenye chumvi haumwachi mtu. Vipande vya kioo hushikwa na fito za metali ya risasi zenye umbo la H, maungio hulehemiwa, na mianya hujazwa chaki iliyokandwa kwa mafuta ya kitani. Risasi ni laini, hivyo dirisha huegemezwa kwenye nondo za kulala, aghalabu kila sentimita 30 hadi 45. Nondo za chuma cha kawaida zikishika kutu hufura, zikapasua kwanza ukuta zilimochomekwa, halafu kioo. Zibadilishwe kwa shaba nyeusi (bronzi) au chuma kisichoshika kutu.

Kioo cha kinga cha nje ni kizuri, ila kikizibwa pande zote, joto na unyevu hunaswa katikati na dirisha huanza kutoa tumbo. Acha mwanya juu na chini, uweke wavu wa mbu.

Siki, amonia na sabuni za madirisha zisiguse kioo hiki. Mulika kwanza tochi kwa ubavu upande wa ndani, ambako ndiko mchoro uliko mara nyingi. Ukiona magamba, acha hapo hapo, aitwe mtaalamu. Mchoro ukiwa imara, tumia maji yaliyokenekwa (yatokanayo na mvuke uliopozwa) na pamba laini, kipande kimoja kimoja, bila kusugua. Na ufa usizibwe kwa silikoni: kuitoa baadaye ni kuhatarisha mchoro uliotaka kuuokoa.