Taa ya Kijani Iliyokawia Kuzimika

Jana jioni nilikaribia kumtia shangazi yangu katika gharama ya ubaomama mpya (ubao mkuu wa saketi ndani ya kompyuta) asiouhitaji, na jambo hilo limeninyima usingizi.

Kompyuta yake ya mezani, anayochapia kazi za watu dukani kwake hapa Tanga, iligoma kuwaka baada ya umeme kukatika na kurudi mara tatu mfululizo. Nilipobonyeza kitufe, feni hazikuzunguka, ingawa taa ndogo ya kijani kwenye ubaomama ilikuwa ikiwaka. Nilizima swichi ya ukutani na kuiwasha papo hapo, bila mafanikio. Nilipima waya wa zambarau wa pawasaplai, kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, nikapata volti 5, zile zinazotoka wakati wote maadamu mashine imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa. Kisha nikachomoa kadi za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), nikazisafisha na kuzirudisha huku taa ile ikiendelea kuwaka. Hilo ndilo ninalolijutia zaidi, kwa maana taa ilikuwa ikiniambia waziwazi kwamba ubao una umeme, na kadi ingeweza kuungua mikononi mwangu. Mwishowe nikamtajia shangazi bei ya ubaomama.

Nilichomoa waya ili niibebe mashine kwenda nayo nyumbani, na taa ikabaki inawaka. Nikakishikilia kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 30, nikaitazama taa ikififia hadi ikazimika kabisa. Nilipochomeka tena, kompyuta iliwaka kwa mbonyezo wa kwanza.

Ninavyoelewa, ulinzi wa pawasaplai ulikuwa umejifunga. Umeme unaporudi kwa kishindo, saketi ya ulinzi inaweza kukata volti zinazoendesha mashine na kubaki katika hali hiyo mpaka iishiwe umeme, na kapasita, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme, ndizo zinazoendelea kuilisha hata baada ya swichi kuzimwa. Ndiyo maana kuzima na kuwasha kwa haraka hakukusaidia. Kompyuta mpakato nazo huwa hivyo, kwani kidhibiti chake, chipu inayosimamia uwashaji, kinaweza kuganda mpaka chaja na betri viondolewe na kitufe kishikiliwe.

Hata hivyo, kukishikilia kitufe hakuifanyi pawasaplai iwe salama kufunguliwa. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu (DC, unaotiririka upande mmoja tu) hufika takriban volti 325, na kapasita kubwa iliyomo ndani inaweza kuzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa. Nimewaona vijana wakifungua kasha hilo kwa bisibisi dakika moja tu baada ya kuchomoa, na bado moyo hunienda mbio nikikumbuka.

Nilimpigia shangazi usiku uleule nikamwambia asitafute fedha zozote. Leo asubuhi ameniambia kwamba mashine imewaka, na tumekubaliana kwamba kila jioni, kabla ya kufunga duka, atachomoa waya ukutani.