Komenti ya Dada wa Muheza

Juzi kijana mgeni kwenye timu aliniuliza swali nikakosa la kumjibu papo hapo. Alikuwa anapitia tiketi za zamani, yaani kazi tunazoziandika kwenye ubao wetu wa mtandaoni, ili aizoee kazi, akaona kwamba kila tiketi inayogusa malipo ya wafugaji haifungwi mpaka dada wa Muheza aandike neno. "Huyu dada ni programa?" Nikamwambia si programa. "Ni bosi?" Si bosi. "Sasa tunamsubiria nini?" Nikamwambia tutaongea baada ya chakula, mara simu ikaita, siku ikaisha hivyo. Usiku nikawa macho, naikumbuka ile Ijumaa ya katikati ya mwaka 2025. Naieleza hapa ili naye aisome.

Ndicho kipindi ambacho ajenti wa akili mnemba alikuwa anaingia kwetu. Mwezi wa tano mwaka huo GitHub, jukwaa ambako watengeneza programu wanahifadhi kazi zao, walikuwa wametangaza ajenti ambaye unampa tiketi kama unavyompa mwenzako wa meza ya pili: unamweka kuwa mhusika, anaweka alama ya macho mawili kuonyesha ameipokea, anaingia kwenye programu, anarekebisha, halafu analeta mabadiliko yake mtu ayakague. Zana nyingine za kufuatilia kazi nazo zikawa zinaelekea huko huko. Wa kwetu tulimweka kwenye ubao ule ule tunaoutumia sote, tulioko Dar, Nairobi na Tanga. Alikuwa anaandika komenti kama sisi tunavyoandika, na kwa watu waliotawanyika namna ile, komenti ndiyo ofisi. Hapo ndipo tunapobishana, tunapopeana pole, na ndipo uamuzi unapobaki umeandikwa.

Tiketi yenyewe ilihusu hela za maziwa. Wafugaji wa ushirika tunaouhudumia wanapeleka maziwa kituoni asubuhi na jioni, lita zinaandikwa kwenye daftari, na ikifika siku ya malipo hela inatumwa kwenye simu ya kila mmoja. Awamu ile baadhi ya malipo yaligoma. Kiongozi wetu akampa ajenti.

Sehemu ya kwanza ajenti aliifanya vizuri sana, na hilo nitalisema popote. Aligundua kwamba orodha ikipitia Excel ile sifuri ya mbele inapotea, 0754 inabaki 754, na mfumo wa malipo unaikataa namba. Akaandika kipande cha programu cha kuzirudisha namba zote kwenye muundo unaoanza na 255, namba ya nchi yetu. Ni kazi ya kuchosha macho, yeye aliimaliza kabla chai haijapoa.

Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Aliona namba ambazo mtandao ulioandikwa pembeni haupatani na tarakimu za mwanzo. Namba inaanza na 071, yaani Tigo, ambao siku hizi wanaitwa Yas, lakini pembeni imeandikwa Vodacom. Nyingine inaanza na 078, ya Airtel, pembeni imeandikwa Tigo. Akahitimisha kwamba aliyeijaza orodha amekosea, akaweka utaratibu wa kubadilisha jina la mtandao lifuate tarakimu. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza kilichonyooka, hoja moja baada ya nyingine, na majaribio yote yakapita. Kaka wa Nairobi akakagua, akapitisha. Kiongozi akaandika kwamba atayaunganisha mabadiliko hayo na programu yetu kabla ya kutoka ofisini, maana hela zilitakiwa kwenda Jumamosi asubuhi.

Mimi ile sehemu ya pili haikunikaa vizuri. Orodha ile nawajua walioijaza. Nikamtagi dada wa Muheza, nikaandika kwa Kiswahili, ingawa ubao wetu mpaka siku ile ulikuwa wa Kiingereza kitupu: "Dada, naomba uipitie hii kabla haijaunganishwa. Hao watu ni wako."

Ilikuwa yapata saa kumi jioni. Niliacha ukurasa wazi, nikawa sifanyi kazi nyingine ya maana.

Komenti yake ya kwanza iliingia ikiwa mstari mmoja: "Samahanini jamani niko kituoni maziwa ya jioni yanaingia naandika kidogo kidogo." Kisha kimya. Nilikuwa nimeshafika pale kituoni, kwa hiyo niliweza kumwona: ndoo za plastiki na madumu kwenye foleni, vijana na baiskeli zao, kipima maziwa kinatumbukizwa kwenye kila chombo, yeye kwenye meza ya mbao, simu mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Kila aliyepimiwa maziwa alitaka kuandikiwa lita zake kwanza. Sisi wa tiketi tungesubiri, na ilikuwa haki tusubiri.

Ya pili ikaja. Nainakili kama ilivyo, maana bado ipo.

"Hizo namba hazijakosewa nimezibadilisha mimi mwenyewe. Hawa wamehama mtandao wakabaki na namba zao. Huyo mzee wa kwanza namba ni ya 071 lakini yuko Voda kwa sababu wanawe wote wako Voda. Namba hakutaka kuiacha ameiandika kwa rangi kwenye banda lake wanaotafuta mitamba wanampigia hapo. Mkimrudisha Tigo hela yake inagoma tena."

Na ya tatu ilikuwa picha ya daftari.

Nimeiangalia picha ile mara nyingi kuliko picha zangu za harusi. Ukurasa una mistari ya kuchora kwa rula: jina, lita za asubuhi, lita za jioni, namba ya simu, mtandao. Pembe moja imelowa maziwa na karatasi imejikunja. Kwenye safu ya mtandao, kila mahali palipobadilishwa, neno la zamani limekatwa kwa mstari mmoja tu, bado linasomeka, na juu yake limeandikwa jipya kwa wino wa bluu, herufi kubwa. Pembeni mwa kila badiliko kuna tarehe. Na pembeni mwa tarehe kuna sahihi, na kwa wasiojua kuandika kuna dole gumba. Hakuna aliyemwelekeza afanye hivyo. Alikuwa ameona kwamba hela ya mtu ikipotea ataulizwa yeye, akajitengenezea ushahidi wake, mfugaji mmoja mmoja, pale pale mezani.

Yale ambayo ajenti aliyaona kuwa makosa ndiyo yaliyokuwa yamehakikiwa kuliko kitu chochote kwenye orodha nzima.

Alama ya macho mawili ikatokea chini ya komenti yake. Ajenti alikuwa ameisoma. Akajibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha barua za serikali, lakini Kiswahili: anashukuru kwa ufafanuzi, ameelewa kwamba safu ya mtandao ilijazwa kwa makusudi, anaondoa utaratibu wa kubadilisha kwa tarakimu. Akapendekeza kwamba kabla ya kutuma, mfumo uulize kwanza jina lililosajiliwa kwenye laini, ulilinganishe na jina la daftarini. Ndicho anachofanya kila mtu akituma hela kwa simu: jina linatokea, unalisoma, ndipo unaweka namba ya siri.

Kaka wa Nairobi akafuata: "Dada, asante sana. Mimi nilijua ni makosa ya kuandika tu. Naondoa idhini yangu, tuangalie upya." Sikumlaumu, wala sasa simlaumu. Kenya kuhama na namba kulianza 2011, lakini waliohama ni wachache, kwa sababu ukiondoka Safaricom unaiacha na M-Pesa yako, na bila M-Pesa utaishije Kenya? Kwetu Tanzania kulianza Machi 2017, na huku M-Pesa haiko peke yake, Tigo Pesa, ambayo siku hizi ni Mixx by Yas, na Airtel Money nazo zina watu wao wengi. Mtu akihama, tarakimu za mwanzo zinabaki kama kumbukumbu ya alikotoka. Aliyekulia Nairobi hana sababu ya kulifikiria hilo. Ajenti naye alikuwa amesoma programu yetu yote na tiketi zetu zote, na humo ndani jambo hili halikuwa limeandikwa popote. Lilikuwa kwenye daftari lililolowa maziwa, na kwenye kichwa cha dada mmoja.

Jumamosi hela zilikwenda. Zilizorudi zilikuwa chache, za laini zilizofungwa.

Wiki iliyofuata kiongozi akaweka sheria mpya kwenye lile faili la maelekezo ambalo ajenti hulisoma kabla ya kuanza kazi yoyote: usitambue mtandao kwa tarakimu za mwanzo; safu ya mtandao ikipingana na namba, uliza kwanza. Sentensi fupi, nzuri, na imeshatuokoa tena baadaye kwenye malipo ya ushirika mwingine. Nilimwomba aandike na jina la dada pale, kwamba maarifa haya yametoka kwake. Akaniambia, kwa upole, kwamba faili lile ni la maelekezo, halibebi majina ya watu. Kiufundi yuko sahihi. Na bado kila nikilifungua naona pengo.

Nilimpigia dada kumweleza. Alicheka. "Mdogo wangu, hela za wazee zimefika? Basi. Jina langu la nini humo?" Nikanyamaza, kwa sababu kwa upande wake jambo lilikuwa limekwisha, na mimi ndiye niliyebaki nalo.

Nalo bado ninalo. Nafurahi kwamba alisikilizwa, tena na mashine iliyokubali kusahihishwa bila kununa, jambo ambalo si kila mtu kwenye timu yetu analiweza. Lakini alichokijua kwa kuuliza watu mmoja mmoja kimegeuka kuwa mistari miwili ambayo ajenti anaisoma bila kujua Muheza iko wapi. Siku mashauri yake yote yatakapokuwa yameingia kwenye lile faili, kuna atakayesema hatuna haja ya kumsubiri tena? Kuna siku naona hofu yangu haina msingi: wafugaji watazidi kuhama mitandao, kufa, kurithisha ng'ombe, na kila badiliko litaanzia mezani kwake. Kuna siku sina hakika hiyo.

Ninachokijua kwa hakika ni kwamba kuandika kwenye tiketi hakumo kwenye mkataba wake. Ameajiriwa kupokea maziwa na kutunza daftari. Komenti zile anaziandika kwa simu yake mwenyewe, kwa bando analonunua mwenyewe, maziwa yakiwa yanasubiri kupimwa. Ajenti tunamlipia kila mwezi bila kuchelewa. Nimeshaandika kwa uongozi kuomba bando lake liingie kwenye bajeti, na muda anaotumia kwenye tiketi uhesabiwe kuwa kazi. Sijajibiwa. Jumatatu tuna kikao cha bajeti, nami nimeomba liwe la kwanza kwenye ajenda, na kijana nimemwambia aje akae karibu yangu.