Siku Mwanangu Alipokubali Kikombe

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa inakwisha, na mwanangu wa miezi 4 alikuwa hajui maziwa nje ya titi. Kukamua nilikuwa nimeshazoea, na maziwa yalitosha. Aliyegoma ni yeye. Mimi na baba yake tulikubaliana kwamba hadi atimize miezi 6 asipewe kingine chochote, hata maji.

Chupa sikuitaka. Muuguzi wa kliniki alikuwa amenieleza kwamba chupa na chuchu yake vina pembe ambamo mabaki ya maziwa hujificha, ilhali kikombe cha wazi unakiosha kwa sabuni na maji ya moto ukikiona chote. Tena mtoto akizoea chuchu ya chupa anaweza kuanza kulikataa titi. Hilo la mwisho ndilo lililonitia hofu hasa.

Lakini nikimshikia kikombe mimi, alinusa harufu yangu, akageuza uso kutafuta kifua, akalia. Nani angemlaumu? Titi lipo, kikombe cha nini?

Jumamosi moja mdogo wangu, ambaye ndiye angebaki naye, akaniambia, "Dada, leo toka wewe. Tuachie sisi wawili."

Nikakamua kwenye kikombe kidogo, tukakisimamisha ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu. Nikamwomba asisubiri kilio: mtoto akianza kupeleka ngumi mdomoni na kugeuzageuza kichwa, wakati ndio huo. Akishalia kwa njaa hasikii la mtu, hata titi lenyewe analishika kwa shida.

Nikakaa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi kidogo. Mdogo wangu alimpakata wima, mkono mmoja ukimshika mgongo na shingo, mikono yake midogo imeviringishwa kwenye kitambaa isije ikakipiga kikombe. Akaegemeza ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, akakiinamisha mpaka maziwa yakagusa midomo. Basi, akaishia hapo.

Kazi yote ipo hapo. Ukiona mtoto hanywi, mkono unakuwasha umiminie. Maziwa yakimiminwa anapaliwa, yanaweza hata kuingia njia ya hewa, na aliyepaliwa hatakitazama tena kikombe kwa amani. Mdogo wangu hakumimina. Alingoja, akimwimbia taratibu, kwa subira ambayo mpaka leo naistaajabia.

Mtoto akakunja uso. Akatoa ulimi, ukagusa maziwa, akaurudisha. Mengine yakamchuruzika kidevuni. Ulimi ukatoka tena, akaramba, akasita, kisha nikasikia anameza. Maziwa yalinitoka papo hapo, blauzi ikalowa, nami nikaziba mdomo nisije nikapiga kelele ya furaha akaisikia sauti yangu.

Akaendelea kuramba. Alipopumzika, kikombe hakikuondolewa. Kilibaki palepale mdomoni ili aanze tena akitaka. Baadaye midomo nayo ikaanza kufyonza. Kisha akaufumba mdomo, akageuka pembeni.

"Dada, yamebaki. Nimwongeze?"

"Mwache, ameshashiba."

Yaliyobaki yalikuwa mengi kuliko aliyokunywa, ukihesabu na yaliyolowesha kitambaa, lakini sikujali. Alikuwa amekunywa mwenyewe, kwa mwendo wake, bila kushurutishwa na mtu.

Jumatatu nilirudi kazini. Mlo mmoja alikunywa vizuri, mwingine akaonja tu. Nilimwambia mdogo wangu asiogope kikombe kimoja kilichobaki. Tuangalie amekunywa kiasi gani mchana na usiku vikijumlishwa. Jioni nilipoingia tu alinidai titi, akanyonya pande zote mbili, na usiku akaamka kufidia.