Kila sentensi na shahidi wake: nilivyoingiza akili bandia darasani Bukavu

Ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari, komini ya Ibanda, mjini Bukavu, mashariki ya Kongo. Katika mwaka wa shule 2023-2024 niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari kazi ya nyumbani: maji ya ziwa Kivu yanatoka wapi na yanakwenda wapi? Nilipoketi kusahihisha, daftari la tatu likafanana na la kwanza, la saba likafanana na la tatu. Madaftari 11 yalikuwa na Kifaransa kilekile kilichonyooka, na kosa lilelile: mto Ruzizi unamwaga maji yake ndani ya Kivu.

Nilisoma mara mbili. Watoto hawa ni wa Bukavu. Wengine wanakaa Nguba, karibu kabisa na pale Ruzizi inapotoka ziwani na kuteremka kwenda ziwa Tanganyika. Wameuona mto huo tangu wakiwa wamebebwa mgongoni. Akili bandia ya kwenye simu imewaambia kinyume cha walichokiona, wao wakaamini simu.

Hapo ndipo niliumia. Kunakili si jambo jipya shuleni, lakini mtoto kuyakana macho yake mwenyewe kwa sababu mashine imesema, hilo lilinikosesha usingizi.

Nilianza vibaya. Nilinyang'anya simu nne nikazifungia kabatini. Kesho yake asubuhi nikamkuta mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ananisubiri mlangoni. "Mwalimu, ile simu si ya mtoto, ni yangu. Wateja wananipigia humo. Jana jioni samaki wamenibakia." Nilimwomba radhi, nikamrudishia yake, na zile nyingine tatu zikarudi siku hiyohiyo. Kisha nikajaribu programu inayodai kutambua maandishi ya mashine. Ikanihakikishia kwamba kazi ya binti mmoja imeandikwa na mashine, kumbe aliiandika kwa kalamu mbele yangu, mimi nikaichapa tu. Nikaachana nayo. Hata OpenAI, kampuni iliyotoa akili bandia ya ChatGPT mwezi wa Novemba 2022, ilikuwa na chombo cha namna hiyo, ikakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kumhukumu mtoto kwa kipimo kama hicho ni kumwonea.

Prefe, mkuu wa shule yetu, alitaka kupiga marufuku simu moja kwa moja. Nikamwomba aniachie wiki sita.

Tulianza hivi. Darasani inatumika simu moja tu, yangu, na mega za intaneti ninanunua mimi, ili asiye na simu nyumbani asiachwe nyuma. Kabla haijawashwa, kila mmoja anaandika kwa dakika 15 anachokijua yeye, kwa maneno yake, hata kama Kifaransa kinamkwama na anamalizia kwa Kiswahili. Kisha tunaiuliza mashine pamoja. Ninasoma jibu lake, mwanafunzi mmoja analiandika ubaoni, na hapo kazi inaanza: kila sentensi itafutiwe shahidi. Shahidi ni kitabu, ramani, mtu mzima anayejua, au macho. Sentensi isiyo na shahidi inafutwa.

Niliwaeleza pia jinsi mashine yenyewe inavyofanya. Imelishwa maandishi mengi mno, nayo inakadiria neno gani linafaa kufuata lililotangulia. Haijawahi kugusa maji. Ndiyo maana sauti yake ni moja, iwe inasema kweli, iwe inakosea.

Kwa Ruzizi tulitoka. Tulishuka hadi mahali ambapo mto unaonekana vizuri, mvulana mmoja akang'oa jani la mgomba akalitupa majini. Jani lilizunguka kidogo karibu na mawe, kisha likachukuliwa, likaondoka, likalipa ziwa kisogo. Hakuna aliyesema neno. Pale pale nikawasimulia kwamba wasomi wa Ulaya nao walibishana kama mto huu unaingia Tanganyika au unatoka humo kwenda mto Nile, mpaka wapelelezi Livingstone na Stanley wakapanda mtumbwi kutoka Ujiji, Novemba 1871, kwenda kujionea. Waliukuta unaingia.

Siku nyingine mashine ilisema kina cha Kivu ni mita 240. Kitabu chetu kinasema karibu 480. Darasa zima likapiga kelele kwamba mashine imekosea tena. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akanyosha mkono: "Mwalimu, labda moja ni wastani na nyingine ni pale panapozidi kina." Alikuwa sahihi. Somo hilo singeliweza kulipanga hata ningekesha.

Jambo moja sina mjadala nalo: majina ya wanafunzi, picha zao na pointi zao haziingii katika mashine hiyo. Umri nao ninauangalia. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 unapendekeza usipungue miaka 13. Wangu wana 16 na 17, lakini wadogo zao wa mwaka wa saba wa elimu ya msingi siwaruhusu.

Faida nimeiona, hasa kwa wale ambao Kifaransa ni mlima kwao. Wanaiomba iwafafanulie neno gumu, nami ninasikiliza kama maelezo yanasimama. Swali likiulizwa kwa Kiswahili chetu, mara nyingi linajibiwa kwa Kiswahili cha pwani, basi tunalazimika kutafsiriana wenyewe kwa wenyewe, na humo humo wanaelewa.

Insha za nyumbani bado zinanishinda. Nimezihamishia darasani, kwa kalamu, na kila mmoja anasimama kueleza aliyoyaandika, lakini kwa wanafunzi 46 inachukua karibu wiki nzima, na eksetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haimsubiri mtu. Juzi katika daftari la yule mvulana wa jani la mgomba nilikuta mstari mmoja kuhusu gesi ya metani ya Kivu umekatwa kwa kalamu nyekundu, si yangu. Pembeni aliandika: "Sijapata shahidi. Nitamuuliza babu, alikuwa mvuvi."