Nilivyoipunguzia kiu Land Rover bila kugusa jeti

"Land Rover zote zinakunywa, mzee, ndiyo maumbile yake." Jibu hilo nimepewa na mafundi watatu hapa Tabora. Wa nne akashauri tufunge jeti ndogo, ule msumari wenye tundu unaopimia petroli ndani ya kabureta. Yangu ni Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, na ilikuwa inakwenda kilomita 3.2 kwa lita! Sawa, gari hizi hazijawahi kubana matumizi. Lakini injini hii ikiwa nzima, kwenye lami, mwendo wa 60 au 70, inatoa kilomita 5 na nusu hadi 6. Kinachopotea hapo katikati si maumbile, ni ugonjwa.

Kabla ya kufungua hata skrubu moja, pima. Geji ya tangi ya gari la zamani ni pambo tu, na kujaza tangi mpaka mdomoni kisha kupiga hesabu kunachukua wiki, wakati unataka kujua leo kama ulichorekebisha kimesaidia. Mimi nilitumia chupa ya maji ya nusu lita. Toboa kifuniko, pitisha mpira wa petroli mpaka uguse kitako, toboa na katundu kengine ka kuingiza hewa (usipokatoboa chupa itanywea na injini itazima ukidhani petroli imeisha). Ng'oa mpira unaotoka tangini pale pampu, uzibe kwa bolti na klipu, kisha unganisha huu wa chupa. Chupa isimame wima; pampu ya petroli ya injini hii ina nguvu ya kuvuta yenyewe. Nilifunga yangu kwa waya nje ya bodi, upande wa pampu, mbali kabisa na manifoldi ya moto, na kizima moto kikiwa kiti cha abiria. Hapo sitanii.

Jaribio la kwanza lilinipa furaha ya bure: kilomita 2.3 kwa nusu lita! Nikaanza kujiuliza mafundi wanalalamikia nini. Kumbe kabureta na bakuli la pampu vilikuwa bado vimejaa petroli ya tangini, na mimi nikaihesabia chupa. Utaratibu sahihi ni huu: endesha kwa chupa mpaka injini izime yenyewe, ndipo umimine nusu lita kamili, uwashe, uondoke, na usome mita pale injini inapoanza kukohoa, si pale gari linaposimama. Fanya kwenda na kurudi kwenye kipande kilekile cha barabara ya Nzega, gia ya nne, mwendo wa 60, injini ikiwa imeshapata moto, halafu chukua wastani. Kuondoka kunakula, ndiyo, lakini kunakula sawa kila safari. Wastani wangu ulisoma kilomita moja na nusu.

Na mita yenyewe nayo ipimwe. Kwenye kilomita kumi kamili za vibao vya barabarani, yangu ilisoma 9.4, kwa sababu tairi zilizofungwa ni kubwa kuliko 7.50-16 za asili. Tairi kubwa inazunguka mara chache kwa kila kilomita, kwa hiyo mita inakupunja. Ukisahihisha unapata ile 3.2 kwa lita; namba za chupa zinazofuata zote zimeshasahihishwa hivyo.

Yale ya kawaida nilimaliza asubuhi moja. Mwanya wa platini (swichi ya cheche ndani ya distributa) milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80, tapeti zote nane (vinavyosukuma valvu) 0.25. Kwa tapeti kumbuka hesabu ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa unarekebisha ya 1, ikifunguka ya 6 unarekebisha ya 3, jumla iwe tisa daima. Kitu kinachorukwa na karibu kila mtu ni kabomba kembamba kutoka kabureta kwenda distributa. Kang'oe upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo, uzibe kwa ulimi. Ukihisi ulimi umeshikwa, ngozi ya ndani ni nzima. Wangu haukushikwa, kabomba kalikuwa na ufa. Bila uvutaji ule taimingi inabaki nyuma, yaani cheche inachelewa, pale gari linapotembea taratibu kwa mzigo mdogo, yaani sehemu kubwa ya safari zote. Kipande cha mpira kilinigharimu elfu mbili tatu hivi. Chupa ikasema 1.8.

Sasa themostati, ule mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Haikuwepo! Ilitolewa zamani, kwa hoja ya "huku kuna joto, gari litachemka". Ushauri huu umeunguza petroli nyingi kuliko kabureta mbovu zote za mkoa huu. Bila themostati maji yanazunguka muda wote kwenye rejeta, injini haipati moto wake, petroli haigeuki mvuke vizuri. Inalowanisha kuta za manifoldi na kuosha oili kwenye silinda, na dereva naye anavuta choki kidogo ili gari lisikohoe. Chomoa dipstiki unuse: yangu ilinuka petroli, maana yake oili ilikuwa ya kumwagwa. Nilinunua themostati ya nyuzi 82, elfu ishirini na ushee. Usiifunge kabla ya kuijaribu kwenye sufuria. Tabora iko juu, kama mita 1,200, maji yanachemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo themostati ya 82 lazima uione imefunguka kabla ya maji kutokota. Ya kwanza waliyoniuzia haikufunguka kabisa, ilirudi dukani siku hiyohiyo. Ikiwa gari linachemka ukiwa na themostati nzima, tafuta rejeta iliyoziba. Baada ya hapo chupa: 2.1.

Plagi bado zilikuwa nyeusi, masizi makavu. Hapo ndipo kabureta inapoingia, Zenith 36 IV, lakini si jeti. Kifuniko chake cha juu hupinda, hasa kikikazwa na mafundi wenye hasira, na oringi (pete ya mpira) iliyo katikati hukakamaa. Petroli inanyonywa kupitia huo upenyo moja kwa moja hadi kwenye koo la hewa bila kupita jeti yoyote. Ndiyo maana jeti ndogo haisaidii: unabana mlango wa mbele, mwizi anapita dirishani. Dalili ni kwamba skrubu ya mchanganyiko unaizungusha huku na huku na mngurumo wa injini gari likiwa limesimama haubadiliki.

Nilitafuta kioo kinene cha dirisha, nikalaza msasa wa maji namba 240, nikachora mistari ya kalamu ya risasi uso mzima wa kifuniko, nikasugua kwa mwendo wa namba nane. Mistari ya pembeni iliondoka mara moja, ya katikati ikabaki ikinicheka. Endelea taratibu mpaka mistari yote ifutike, malizia kwa namba 400, osha kwa petroli, pulizia kila tundu. Uso wa chini nao una haki yake. Oringi mpya, gasketi mpya, skrubu zikazwe kwa zamu kwa kupishana pembe, kwa mkono mwepesi. Plagi zikageuka rangi ya nta ya nyuki. Chupa: 2.6.

Kilichobaki kilikuwa chini kabisa. Baada ya safari, gusa ngoma za breki moja moja. Ya nyuma kushoto iliniunguza vidole, nyingine zilikuwa vuguvugu. Inua gurudumu, lizungushe: likisimama kabla ya mzunguko mmoja, breki inang'ang'ania. Legeza bolti ya kurekebishia nyuma ya bamba. Kama bado linabana, ni pistoni ya silinda imeota kutu. Tazama pia ile fimbo yenye kirungu cha njano, ya kuunganisha magurudumu ya mbele. Ikiwa imezama, unaburuza magurudumu ya mbele kwenye lami. Gari likiwa limesimama, vuta fimbo nyekundu (ya gia nzito) nyuma kisha uirudishe mbele, ya njano itaruka juu.

Chupa ya mwisho: 2.9, yaani 5.8 kwa lita. Jeti ndogo ninazo bado kwenye pakiti yake, anayezitaka aje na chupa kwanza.