Waya Mmoja, Ncha Mbili Ukutani

Siku ya kwanza ya mafunzo sifungui slaidi hata moja. Nawasha swichi mbili za Cisco Catalyst 2960, visanduku vya kuunganisha kompyuta kwa waya, nilizozinunua zikiwa zimetumika, naunganisha laptopu za darasa zima na kungoja kila mtu apate intaneti. Kisha nachukua waya mmoja wa mtandao, nachomeka ncha moja kwenye poti (tundu) ya 5 na ya pili kwenye poti ya 6 ya swichi ileile. Nanyamaza.

Taa zilizokuwa zikimetameta kila moja kwa wakati wake zinaanza kupepesa zote pamoja, mbio mbio. Muda mfupi baadaye mtu wa nyuma anasema, "Mwalimu, mtandao umepotea." Nawaomba wasiguse chochote. Wazitazame zile taa dakika mbili nzima.

Nafundisha hapa Kisumu, kwenye chumba cha ghorofani kisicho mbali na Barabara ya Oginga Odinga. Wanaokuja wanatoka ofisi za kaunti, vyuo, hospitali na sacco. Wengine hudamka na matatu ya alfajiri kutoka Busia au Kakamega. Si wageni wa kazi hii. Lakini wengi wao wameizoea swichi kama ekstensheni ya stima: unachomeka, inafanya kazi, unaisahau.

Nami nilikuwa hivyo. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuwa fundi pekee wa kompyuta kwenye hospitali moja ya mji mdogo huku magharibi. Wahudumu walilalamika kwamba kompyuta zikiwashwa asubuhi, hukaa karibu nusu dakika kabla ya kupata mtandao. Nikapekua, nikagundua kwamba swichi inasubiri itifaki ya STP (Spanning Tree Protocol) ihakikishe hakuna mzunguko, yaani njia ya waya inayorudi ilikoanzia: sekunde 15 za kusikiliza, 15 nyingine za kujifunza. Nikaizima STP. Kompyuta zikawa zinaunganika papo hapo, na nikashukuriwa sana.

Miezi michache baadaye, mtu aliyekuwa akisafisha chumba cha rekodi alikuta waya unaning'inia. Akaurudisha ukutani kwa nia njema kabisa. Ncha ya pili ilikuwa tayari ukutani, kwenye tundu la jirani. Hospitali nzima ilikaa saa tano bila mtandao. Famasi haikuona dawa zilizoagizwa na daktari, maabara ilipeleka majibu kwa karatasi, na mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye homa aliniuliza mara tatu kama "kompyuta imepona". Sijamsahau.

Kilichotokea ndicho wanafunzi wangu wanachokitazama kwenye zile taa, kwa kuwa swichi za darasani nazo nimezizimia STP, ila makusudi. Pakiti ya IP, kifurushi cha data kinachovuka kutoka mtandao hadi mtandao, ina hesabu ya maisha yake: kila ruta inayopita huipunguza moja, ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Ethernet, bahasha inayobeba data ndani ya mtandao mmoja, haina hesabu hiyo. Ujumbe uliotumwa kwa wote, ukiingia kwenye mzunguko, unazunguka na kuzaa nakala mpaka swichi inalemewa. Radia Perlman aliiona hatari hii mapema. Mwaka 1985, akiwa Digital Equipment Corporation, alibuni STP ili swichi zenyewe ziitambue njia ya ziada na kuifunga. Mimi niliuondoa ulinzi huo kwa sababu ya nusu dakika, na kumbe dawa ya nusu dakika ilikuwepo: PortFast, mpangilio unaoruka kusubiri huko, kwa poti za kompyuta tu, ikiambatana na BPDU Guard, inayoizima poti mara tu ujumbe wa STP unapoingilia mahali ambapo haukutarajiwa.

Mengine huja baada ya hapo, na huja kwa wepesi, maana sasa wanaamini kwamba tundu la ukutani ni mlango. Tunafunga poti zisizotumika. Tunatenganisha VLAN (mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi ileile) ya wageni, ya uhasibu na ya kamera, wala hatuachi kila kitu kwenye VLAN 1, ile ambayo swichi huja nayo. Tunaiambia swichi ni poti ipi pekee inayoaminika kutoa anwani za DHCP, zile ambazo kompyuta hugawiwa inapojiunga na mtandao, ili ruta ndogo aliyokuja nayo mtu kutoka nyumbani isigawe anwani za uongo. Tunazima Telnet, njia ya kuiamuru swichi kutoka mbali bila kuficha maandishi, na kutumia SSH, inayoyaficha. Nawaonyesha nywila ya Telnet ikisomeka wazi kwenye skrini ya jirani, na hapo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haihitaji mahubiri.

Kisha nachomoa stima bila kuwaonya. Aliyesahau kuhifadhi usanidi wa swichi anaanza upya. Kwa jinsi umeme wetu unavyokatika, nafuu somo hilo walipate kwangu.

Huwa naulizwa kwa nini nisitumie Packet Tracer pekee, programu ya Cisco inayoiga mtandao kwenye skrini, kwani ni bure. Tunaitumia, na kwa kuzoea amri ni nzuri sana. Ila haikutumi kupiga magoti chini ya meza ya mtu ukifuata waya wenye vumbi, na kazi yetu kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo.

Jumanne iliyopita binti mmoja aliyemaliza mafunzo mwezi uliotangulia alinipigia simu kutoka Bungoma. "Mwalimu, poti ya 17 imejizima, na logi inataja BPDU Guard. Niiwashe tena?"

"Wengine wote wana mtandao?"

"Wote wanafanya kazi. Hakuna hata aliyelalamika."

"Basi usiiwashe. Fuata waya kwanza."

Alirudi kwenye simu baada ya dakika nne hivi, akihema. Alikuwa ameukuta nyuma ya kabati la mafaili, ncha zote mbili ukutani.